Kifaa cha kubebea ratiba za ndege bila bando: angalia alama ya wingu kabla ya kamera

Malalamiko ya wasomaji yanafanana. Ratiba ilifunguka vizuri nyumbani, uwanjani haifunguki. Safari imefutwa, foleni ya kaunta imefika mlangoni, laini haina mtandao tangu kuvuka mpaka, na PDF inazungusha kiduara tu. Ukirudi dukani kuuliza kifaa kinachofaa, muuzaji anakuhubiria kamera. Kamera haina kazi hapa, wala kasi ya prosesa, maana ratiba ya shirika zima ni megabaiti chache tu. Muulize jambo moja: faili nikiliweka humu, linabaki humu?

Mara nyingi halibaki. Kwenye iPhone, ukihifadhi ndani ya iCloud Drive, yaani hifadhi ya mtandaoni (wingu) ya Apple, na nafasi ikawa finyu, simu huliondoa faili kimyakimya na kukuachia jina lake na kialama cha wingu chenye mshale. Jina unaliona, basi unaamini lipo. Kwenye Android balaa huanzia WhatsApp: wakala wa tiketi amekutumia PDF, umeiona kwenye soga, lakini hukugusa mshale wa kupakua. Hapo huna kitu. Hata ukishaipakua, ihamishie kwenye folda yako, kwa sababu siku ukisafisha soga pamoja na faili zake, ratiba nayo imekwenda.

Jaribio ni la dakika mbili. Weka hali ya ndegeni, hakikisha Wi-Fi imezimwa, zima kifaa kabisa, kiwashe, fungua faili, kisha tafuta JRO, kifupi cha uwanja wa Kilimanjaro kwenye ratiba. Ikikuletea mistari ya Kilimanjaro, umepona. Ukurasa ukionekana lakini utafutaji hauleti chochote, basi hiyo ni picha iliyowekwa ndani ya PDF. Omba faili jingine. Na ukitumia Acrobat kusomea PDF, usiguse Liquid Mode, ile inayopanga ukurasa upya uenee kwenye kioo: inahitaji intaneti, na majedwali huyavuruga.

1. Samsung Galaxy Tab A9. Sifichi upendeleo wangu. Ni kishikwambi cha inchi 8.7, betri ya mAh 5,100, na kina tundu la memori kadi. Faili lililoko kwenye kadi halichukuliwi na wingu la mtu yeyote. Tena ukikilaza, upana wote wa ukurasa wa A4 unaingia kwenye kioo kwa maandishi yanayosomeka, na hapo ndipo simu nyingi zinaposhindwa. Kwenye simu unakuza ukurasa ili usome saa, safu ya siku inatoka nje ya kioo, unajikuta unasoma mstari wa jirani.

Hizo siku zenyewe zina mtego kwa sisi Waswahili hasa. Ratiba huziandika kwa tarakimu, 1 hadi 7, na 1 ni Jumatatu. Jicho letu likiona 1 linakimbilia Jumamosi, likiona 3 linasema Jumatatu. Sivyo: 3 ni Jumatano, Jumamosi ni 6. Ukikuta 135, ndege inaruka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Saa nazo ni za mahali husika kila upande, kwa hiyo Dar hadi Kigali, ambako saa iko moja nyuma, safari huonekana fupi kuliko ilivyo. Na 0030 ya siku ya 5 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa: begi linatoka nyumbani Alhamisi jioni. Wanaokosa ndege hiyo hufika uwanjani saa ishirini na nne baadaye, wakiwa wamevaa vizuri kabisa.

2. Samsung Galaxy A16. Kwa asiyetaka kubeba kifaa cha pili. Kioo ni cha inchi 6.7, betri mAh 5,000, memori kadi inaingia, ila inagombea nafasi na laini ya pili. Mwenye laini mbili atachagua. Usidanganyike ukapanda hadi A36 au A56 ukidhani ghali ndiyo bora: huko tundu la kadi limeondolewa. Unalipa zaidi, unapewa pungufu.

3. Kindle Paperwhite, kile kifaa cha kusomea vitabu. Kwenye jua kali la kiwanja kidogo kama cha Mafia, hakuna kinachosomeka kama hiki, na chaji hukaa wiki kadhaa. Ingiza PDF kwa waya wa USB kwenye folda ya documents, bila kuigeuza iwe kitabu, la sivyo majedwali yanakuwa uji. Kukuza na kusogeza ukurasa ni kwa mwendo wa kobe.

4. iPhone. Kama unayo tayari, hifadhi faili kwenye On My iPhone ndani ya programu ya Files, si iCloud Drive. Kuanzia iOS 18 unaweza pia kulibonyeza faili lililoko iCloud kwa muda na kuchagua Keep Downloaded. Kuinunua kwa kazi hii tu ni ufujaji.

Simu za bei poa zenye RAM ya GB 2 hukwama kwenye PDF ya kurasa mia. Kitochi, karatasi mfukoni inakishinda.

Sasa wauzaji. Memori kadi iliyoandikwa GB 512 kwa bei ya sahani ya chipsi ni feki: ndani ina GB chache, ikijaa inaharibu mafaili bila kusema. Nunua ya GB 32, inatosha na kubaki. Ijaze yote siku hiyohiyo, kisha fungua faili la kwanza na la mwisho. Kwa Tanzania, piga *#06# kwenye simu kabla ya kulipa, utume IMEI (namba ya utambulisho wa simu itakayotokea) kwa SMS kwenda 15090, ujue kama si feki. Na hawa wa "bei njoo inbox", bidhaa wameianika hadharani, bei ndiyo siri! Wapite.

Ukitafuta ratiba, tafuta ARK (Arusha) pamoja na JRO, WIL (Wilson, Nairobi) pamoja na NBO (uwanja mkuu wa Nairobi). Wengi husahau viwanja vidogo vya Arusha na Wilson. Ratiba hubadilika kimsimu Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na bila mtandao hakuna kitakachokuambia uliyo nayo imepitwa. Andika tarehe ya mwisho kwenye jina la faili lenyewe, na la zamani ulifute siku unayopakua jipya.