Spika ya kununua kama unapiga kinanda kwenye shughuli ndogo

Wapiga kinanda wenzangu wanaoalikwa kwenye sendofu na ibada za watu 50 hadi 100 huniuliza swali lile lile: ninunue amplifaya ya kinanda au spika? Jibu langu halijabadilika kwa miaka. Nunua spika moja nzuri yenye amplifaya ndani, ya inchi 10 au 12.

Kinanda kinabeba bendi nzima. Mkono wa kushoto unashika besi, wa kulia piano au tarumbeta, na ngoma za mashine zinakwenda chini yake. Kinahitaji spika inayotoa sauti za chini na za juu kwa usawa. Amplifaya ya gitaa haiwezi. Spika yake inaishia karibu na hezi 5,000 (hezi hupima sauti ilivyo ya juu au ya chini), na imetengenezwa hivyo makusudi ili gitaa lisikere masikio. Jumapili moja spika yetu ilikufa, tukaazima ya mpiga gitaa. Nilipogonga C ya chini kabisa koni ikatetemeka brrr, na piano ikasikika kama imefunikwa blanketi. Kufika ubeti wa pili kwaya ilikuwa imeshapoteza ufunguo. Hiyo naiweka nafasi ya mwisho kabisa, hata ukipewa bure.

Nafasi ya kwanza, kwa wengi wetu, ni spika kama Yamaha DBR10. Ina kilo 10.5, unaipakia kwenye bajaji pamoja na kinanda. Boksi linatangaza wati 700, lakini hizo ni za kilele, yaani za kitambo kifupi tu. Za mfululizo, inazoweza kutoa muda wote, ni 325, na kwa ukumbi wa watu 80 zinatosha. Kila ukiuziwa spika, uliza wati za mfululizo. Na usilipe mara mbili kwa sababu ya namba: kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu (desibeli hupima ukubwa wa sauti), tofauti ndogo kwa sikio. Fedha iliyobaki nunua stendi. Spika ikipanda juu ya vichwa vya waliokaa, wa nyuma wanasikia bila wa mbele kuumia. Mwenye uwezo zaidi atazame QSC K10.2.

Nafasi ya pili naipa spika za betri: JBL EON ONE Compact au Bose S1 Pro. Kama shughuli zako ni bustanini, ufukweni, au mtaani kwako umeme unakatika ovyo, zipandishe ziwe za kwanza. Betri iliyojaa inaweza kudumu kwa muda wa saa 11 hadi 12, ingawa ukipiga kwa nguvu muda huo utapungua sana. Angalia na kinanda chenyewe: Yamaha PSR-E373 inakubali betri 6 za AA, lakini PSR-SX900 inataka umeme wa ukutani, hivyo spika ya betri peke yake haitakuokoa.

Ya tatu ni amplifaya za kinanda zenyewe, kama Roland KC-400 na KC-600. Sauti yake ni nene na tamu, na zina matundu ya kutosha kwa vinanda viwili na maiki. Kasoro yake ni uzito (KC-600 inakaribia kilo 30) na kwamba zinakaa chini, sauti inapiga magoti ya mstari wa mbele. Nunua kama unapiga na bendi kwenye kumbi zenye mitambo yao ya sauti na unachotaka ni kujisikia mwenyewe.

Spika za mnara, zile nyembamba na ndefu zinazosimama kama nguzo, ni nzuri lakini bei yake kwa kazi hii siioni. Zile za Bluetooth za sherehe usiunganishe kinanda bila waya: sauti inachelewa, unagonga sasa inatoka baadaye, na mdundo unavunjika.

Ukiwa na spika moja, chomeka waya kwenye tundu la kinanda lililoandikwa L/MONO. Ukitumia R peke yake unapoteza nusu ya sauti.

Dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, nenda na kinanda chako. Muuzaji atakuwekea muziki wa simu, nao kila spika inaupiga vizuri kwa sababu umeshasawazishwa studio. Wewe gonga besi ya chini kwa nguvu, kisha piano laini juu, kisha vyote pamoja na ngoma. Kwa mtumba, soma kibandiko cha nyuma: kifaa cha Japani cha volti 100 ukikichomeka kwenye 230 yetu kinaweza kuungua papo hapo. Mwisho toa mikono, acha sauti ikiwa juu, usikilize kimya chake. Ikivuma mmm, badilisha waya. Bado inavuma? Ingia duka linalofuata.