Msimu Mmoja wa Mvua na Matairi ya Tope

Kwa muda mrefu nilizoea kuifungia ndani baiskeli yangu ya milimani kila mvua ilipoanza, na sababu haikuwa uvivu wala hofu ya kulowa. Matairi yangu ya kawaida, yenye meno mafupi yaliyopangwa kwa kukaribiana, yalikuwa yakijaa tope baada ya mita chache tu, yakawa laini kama chupa, na tangu hapo baiskeli ilikwenda ilikotaka yenyewe. Ndipo nikanunua jozi ya matairi ya tope, nikayafunga mwanzoni mwa msimu wa mvua, na sasa msimu umekwisha nayo yakiwa bado kwenye rimu. Sitataja jina la kampuni iliyoyatengeneza, kwa kuwa karibu yote nitakayoyasema yanahusu matairi ya aina hii kwa jumla, na kwa kuwa lawama yangu kubwa haiuhusu mpira wenyewe, bali maneno yaliyoandikwa kwenye kasha lake.

Tairi la tope hutambulika kwa macho. Meno yake ni marefu, ni machache, na yameachiwa nafasi pana kati yake, ili udongo usipate pa kujishikiza na gurudumu liweze kuutupa nje linapozunguka. Upana wake kwa kawaida hupungua kidogo ukilinganisha na matairi ya milimani yanayopendwa siku hizi: haya yangu yana inchi 2.3, ilhali niliyoyavua yalikuwa na inchi 2.5. Wembamba huo una kazi mbili. Kwanza, tairi hupasua tope laini la juu mpaka likaikuta ardhi ngumu iliyo chini yake na kuishika. Pili, hubaki nafasi kubwa zaidi kati ya tairi na fremu, mahali ambapo tope hupenda kujikusanya hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Mpira wa tairi la mbele ni laini, kiasi cha 42 kwenye Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira, na wa nyuma ni mgumu zaidi, mpangilio ninaouona kuwa wa busara, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linalobeba usalama wa mwendeshaji kwenye kona, na la nyuma ndilo linaloliwa upesi kwa nguvu ya pedeli.

Kwenye kazi yake halisi, tairi hili halina mpinzani miongoni mwa matairi niliyowahi kuyatumia. Juu ya udongo tifutifu uliolowa, wenye majani yaliyooza na kichanga kidogo, lilishika kona kwa uthabiti ambao ulinifanya nicheke peke yangu msituni. Tope lilirushwa pembeni mara tu mwendo ulipoongezeka, na nafasi kati ya meno zikabaki wazi. Nililiendesha bila mpira wa ndani, likiwa na majimaji ya kuziba pancha, na baada ya kujaribu viwango mbalimbali nikatulia kwenye upepo wa PSI 22 mbele na 25 nyuma. Mwenye uzito tofauti na wangu atalazimika kutafuta kiwango chake. Mahali lilipodhoofika ni juu ya mwamba na mizizi iliyolowa, ambako meno marefu hujipinda na eneo linalogusa jiwe huwa dogo. Hapo ulaini wa mpira ndio uliokuwa ukiniokoa, kwa hiyo gurudumu la nyuma, lenye mpira mgumu, lilinitupa mara mbili. Barabarani huvuma kama nyuki na huchosha miguu, jambo ambalo sioni haja ya kulilalamikia, kwani halikutengenezwa kwa ajili ya lami.

Udongo wa mfinyanzi ni habari nyingine, nao ndio ulionifunulia tatizo ambalo muuzaji hakunieleza. Kasha la matairi haya linamwahidi mnunuzi kwamba hakuna tope litakalomzuia, na ahadi hiyo, kwa masikitiko yangu, karibu ni ya kweli. Katika wiki ya pili ya mvua niliingia kwenye njia ya mfinyanzi ambayo matairi yangu ya zamani yangenikatalia nikiwa sijamaliza hata mita mia moja. Haya mapya hayakukataa. Yalizama, yakashika, yakavuta, nami nikapanda na kushuka njia nzima huku nikijisifu. Siku nne baadaye, jua likiwa limewaka vya kutosha, nilipita njia hiyohiyo kwa miguu na kukuta mfereji mmoja mrefu usiokatika, wenye kina cha vidole viwili, umekauka na kuwa mgumu kama tofali. Pembeni mwa mfereji huo meno ya tairi yalikuwa yamejichora kwa usafi usioacha shaka yoyote kuhusu mwenyewe. Hapo nikaelewa kwamba matairi yangu ya zamani yalikuwa na adabu bila yeye aliyeyapanda kujua: njia ilipokuwa laini mno, yaliteleza, yakanirudisha nyumbani.

Inafaa kueleza kwa nini mfereji wa vidole viwili ni jambo zito, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba tope likikauka kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Njia nzuri ya mlimani haichongwi tambarare. Wajenzi huiinamisha kidogo kuelekea upande wa bonde, kwa kawaida kiasi cha asilimia 5, ili maji ya mvua yaikate na kuendelea zake chini badala ya kuifuata. Tena hujitahidi mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima inapopita, na wastani wake ubaki karibu na asilimia 10, kwa sababu maji yakiruhusiwa kushuka moja kwa moja hupata kasi ya kubeba udongo. Alama ya gurudumu inayokwenda sambamba na njia huivuruga hesabu hiyo yote, kwani maji yakiingia ndani yake hayawezi tena kutoka pembeni. Yanaufuata mfereji, yanauchimba, na mvua chache baadaye kile kilichokuwa alama ya tairi kinakuwa korongo ambalo mtu wa kujitolea atalazimika kulijaza kwa jembe na toroli. Kazi ya siku nzima ya watu kadhaa huweza kuharibiwa na msafara mdogo wa baiskeli kwa alasiri moja.

Haki itendeke pia kwa baiskeli. Watafiti Wilson na Seney walifanya majaribio kwenye njia za milimani huko Montana, Marekani, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba kwato za farasi na nyayo za watu hulegeza udongo mwingi kuliko magurudumu, na kwamba tofauti hiyo ilijitokeza zaidi kwenye njia zilizokuwa zimeloweshwa kabla. Nimewasikia waendeshaji wakiutumia utafiti huu kama cheti cha kupita popote wakati wowote. Mimi nausoma vinginevyo, kwa sababu unyayo huacha shimo linalosimama peke yake na maji hutuama humo, ilhali gurudumu huunganisha shimo na shimo hadi likapatikana bomba lisilo na kifuniko.

Baada ya siku ile niliyatumia matairi haya kwa masharti, na tathmini hii haitakuwa na maana nisipoyaeleza, kwani bidhaa ni ileile lakini thamani yake hubadilika kulingana na mahali inapopelekwa. Kabla ya kuanza safari hukanyaga ardhi kwa kisigino: kikizama na udongo ukabaki umeshikamana na kiatu, sipiti. Njia zenye kichanga na changarawe hunyonya maji upesi na huweza kupitika saa chache baada ya mvua, ambapo za mfinyanzi huhitaji siku kadhaa. Katika nchi za baridi, ardhi iliyoganda alfajiri hubeba baiskeli vizuri sana, kisha jua linapopanda tabaka la juu huyeyuka na kuelea juu ya barafu iliyo chini, na hapo ndipo uharibifu mkubwa hutokea. Mwendeshaji anayejua hilo huwahi na kuondoka mapema. Njia ikiwa imefungwa na wasimamizi wake, hakuna cha kujadili. Hata shirika la kimataifa la waendeshaji, IMBA, lililoanzishwa mwaka 1988, limeweka miongoni mwa kanuni zake kwamba mtu apite kwenye njia zilizo wazi tu, na kwamba ardhi ikiwa laini afikirie mahali pengine pa kwenda.

Suala la madimbwi ndilo linalozua ubishi mwingi, na ndilo ambalo matairi ya tope huliwekea mchango mzuri. Hisia ya kawaida ya mtu ni kulikwepa dimbwi kwa kupita ukingoni, kwenye nyasi. Anayemfuata hukuta ukingo ule umelainika, naye husogea nje zaidi, na mwisho wa msimu njia iliyokuwa na upana wa usukani mmoja imekuwa uwanja. Adabu ni kupita katikati ya maji, pole pole, kiti kikiwa kimeachwa na uzito ukiwa miguuni, na tairi lenye meno marefu humpa mtu ujasiri wa kufanya hivyo kwa sababu chini ya dimbwi la kawaida kuna ardhi ngumu ya kushika. Ikiwa chini hakuna ugumu, shuka, ibebe baiskeli, upite humohumo kwa miguu. Viatu vitalowa, lakini viatu hukauka kwa usiku mmoja.

Breki nazo zinahitaji mkono mwepesi. Gurudumu la nyuma likifungwa ghafla kwenye mteremko uliolowa huburuzika na kukwangua njia, na meno marefu hukwangua kama reki. Kadiri tairi linavyoshika vizuri ndivyo linavyong'oa udongo mwingi linapokosewa. Nilijifunza kupunguza mwendo mapema kabla ya kona, kwa breki zote mbili, kisha kuziachia. Nitaongeza kwa haraka kwamba pedi za breki za aina laini huliwa upesi sana na mchanganyiko wa maji na mchanga, hivyo anayeendesha kwenye mvua afunge zile ngumu zenye chembe za metali.

Kukutana na watu kwenye njia nyembamba yenye utelezi ni mtihani mwingine. Anayepanda hupewa nafasi na anayeshuka, na kwenye tope kanuni hii ina uzito wa ziada, kwa kuwa aliyesimamishwa katikati ya mpando uliolowa huenda asiweze kuanza tena bila kuizungusha bure gurudumu na kuchimba shimo. Ninayeshuka husimama, huweka mguu mmoja ukingoni na kuilaza baiskeli kidogo upande wangu; sitoki nje ya njia na magurudumu yote mawili. Waenda kwa miguu na wapanda farasi, mimi huwapisha wote, na ninapowapita hupita kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu matairi haya hurusha tope mbali kuliko nilivyotarajia. Madigadi ya mbele na ya nyuma ni ya lazima. Nilichelewa kuyafunga, na bibi mmoja aliyevaa koti jeupe ndiye aliyelipia uchelewaji huo. Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili.

Jambo la mwisho ambalo matangazo hayaligusi ni kile ambacho tairi hubeba kwenda nacho. Udongo unaong'ang'ania kati ya meno huweza kuwa na mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa ya miti. Nchini New Zealand miti mikubwa iitwayo kauri inakufa kwa ugonjwa unaosababishwa na Phytophthora agathidicida, kimelea anayeishi udongoni, na kwenye misitu hiyo vimewekwa vituo vya kusafishia viatu na vyombo kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Hapa tairi langu lilipata alama nzuri, kwani nafasi zake pana husafishika kwa brashi na maji ya kawaida kwa dakika chache, ingawa mawe madogo hujibana mizizini mwa meno na yanahitaji kung'olewa kimojakimoja. Mashine ya maji ya kasi sikuitumia. Husukuma maji hadi kwenye beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kufukuza grisi.

Kuhusu uimara, tairi la mbele lingali na kingo zake kali, na la nyuma limeliwa katikati kiasi kwamba sidhani kama litamaliza msimu mwingine. Hakuna pancha iliyonisimamisha njiani. Kwa anayeishi karibu na njia zenye kichanga, mawe na tifutifu, ningelipendekeza bila kusita. Kwa ambaye njia zake zote ni mfinyanzi, ningemwambia fedha hizo azitunze, kwa kuwa siku ambazo tairi hili linahitajika ndizo siku ambazo hapaswi kuwa njiani.

Mimi mwenyewe nimekwisha amua. Msimu ujao tairi la tope litabaki mbele, ambako hulinda mifupa yangu, na nyuma nitarudisha lile la zamani lenye meno mafupi. Likianza kujaa tope na kuzunguka bure kwenye mpando wa kwanza, nitashuka, nitaigeuza baiskeli, na nitarudi nilikotoka.