Sanamu ya Meya Josiah Quincy, Boston: Uzoefu Wangu

Kwa yeyote anayepanga kutembea katikati ya jiji la Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ninaipendekeza kwa dhati sanamu ya Josiah Quincy iliyoko School Street, katika ua wa mbele wa jengo la zamani la halmashauri ya jiji, ambalo shughuli za jiji zilihamishwa kutoka humo mwaka 1969. Hakuna kiingilio, na mstari mwekundu unaowaongoza watalii kwenye Freedom Trail, njia ya matembezi inayopitia maeneo ya kihistoria ya mjini, unapita hapo hapo mbele ya lango. Wageni wetu wakija Massachusetts kutoka nyumbani, hapo ndipo ninapopenda kuwaanzishia matembezi ya mjini.

Sanamu hii ya shaba nyeusi ni kazi ya Thomas Ball, msanii yule yule aliyetengeneza sanamu ya George Washington akiwa juu ya farasi katika bustani ya Public Garden, na imesimama hapa tangu 1879. Katika ua huo huo ipo sanamu ya Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, ya mwaka 1856, ambayo kwa kweli ndiyo inayowavuta watu wengi, kwa sababu kwenye kitako chake pana vibao vinne vya picha za kuchongwa vinavyoonyesha maisha yake, kuanzia kiwanda cha uchapaji hadi kutiwa saini kwa mkataba wa amani na Uingereza. Quincy hakupewa picha hata moja. Kitako chake kinaorodhesha nyadhifa: Bunge, mahakama, umeya wa 1823 hadi 1828, kisha urais wa Chuo Kikuu cha Harvard. Anayesoma maandishi hayo ataondoka akiwa amejua vyeo vya mtu huyu bila kujua alichokifanya, na hilo ndilo linalonifanya niipe nyota nne badala ya tano.

Alichokifanya si kidogo. Boston ilipata hadhi ya jiji mwaka 1822, na Quincy akawa meya wake wa pili, akichaguliwa upya kila mwaka kwa mihula sita. Alirithi madaraka yaliyotawanyika katika bodi na kamati mbalimbali, akayakusanya mkononi mwake, akaamuru mitaa ifagiliwe na taka ziondolewe, akaipanga upya idara ya zimamoto licha ya upinzani mkali, na alfajiri alikuwa akipanda farasi na kuzunguka mjini kukagua mwenyewe. Mimi ninayejua mitaro iliyoziba na masoko yanayojaa maji kila masika, namheshimu kiongozi wa namna hiyo kuliko mshindi wa vita yeyote.

Kwa hiyo, usiishie kwenye ua. Tembea dakika chache tu kuelekea upande wa bandari hadi Quincy Market, soko lililofunguliwa mwaka 1826 juu ya eneo la gati lililofukiwa, na ambalo sehemu ya gharama zake ilifidiwa kwa kuuza viwanja vya maghala vilivyopatikana pembeni yake. Jengo lina urefu wa futi 535, yaani zaidi ya mita 160, na mbele yake zimepangwa nguzo za graniti. Isogelee nguzo mojawapo, upitishe kiganja kuanzia chini hadi unapofika: hutakuta kiungo, kwa kuwa kila mhimili ni jiwe moja zima. Siku hizi ndani kumejaa vibanda vya vyakula, lakini bado ni soko, na watu bado wanapishana humo kwa mabega.

Kuna jambo ambalo mgeni anastahili kuambiwa pale pale penye sanamu. Mwaka 1826 jiji lilifungua shule ya sekondari ya wasichana, wakajitokeza waombaji wengi mno kuliko nafasi zilizokuwapo, na Quincy, badala ya kuipanua, aliisimamia ifungwe kwa hoja ya gharama, ilhali ile ya wavulana iliendelea. Wazazi walikasirika, na hasira yao ilichangia kumwangusha katika uchaguzi wa Desemba 1828. Kwenye njia ya miguu nje ya lango pana mozaiki ya rangi, yenye umbo la mchezo wa watoto wa kurukaruka kwenye miraba, inayokumbusha kuwa hapa ndipo ilipokuwa Boston Latin School, iliyoanzishwa mwaka 1635 na ambayo haikupokea wasichana hadi 1972. Binti zetu wanairukia mozaiki hiyo kwa furaha, hatua chache tu kutoka kwa meya aliyewafungia wenzao shule, na hakuna maandishi yanayounganisha mambo hayo mawili. Ningependa kibao kiongezwe kando ya sanamu, chenye habari za soko na za shule ile pia, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtoto.