Zenit-E na lenzi yake ya Helios 44-2: kabla hujasema lenzi ni mbovu

Nitoe hukumu mapema kwa wasiopenda kusoma marefu: kama ndo unaanza kupiga picha za filamu na umekutana na Zenit-E yenye lenzi ya Helios 44-2, na lenzi imepita vipimo nitakavyoeleza hapa, chukua usiwaze sana. Ninayotumia mimi ni ya baba mdogo, alirudi nayo kutoka Moscow alikokwenda kusoma enzi za Usovieti, ikakaa kabatini Tanga miaka na miaka. Nitaongelea lenzi kuliko kamera, kwa sababu kila anayeanza na mashine hii malalamiko yake ni lenzi, mara giza, mara picha hazijashika fokasi, zina ukungu, mara pete ngumu, mwisho anaiuza kwa hasira au anampa fundi hela, wakati mengi kati ya hayo siyo ubovu, ni namna lenzi ya zamani inavyofanya kazi na hakuna aliyemuelekeza.

Kamera yenyewe haina mambo mengi. Kiwanda cha KMZ kule Krasnogorsk, jirani na Moscow, kilianza kuitoa 1965, baadaye ikatengenezwa na Belarus pia, ikaenda hadi miaka ya 80. Zilitoka kwa mamilioni ndo maana hadi leo zinapatikana, na bei yake kawaida iko chini ya za Kijapani za rika lake. Ni chuma kizito, haitumii betri hata moja, spidi za shata, lile pazia linalofunguka kuipa filamu mwanga, ni tano tu, 1/30, 1/60, 1/125, 1/250 na 1/500 ya sekunde, halafu B, ambayo shata inabaki wazi muda wote umeshika kitufe. Mita ya mwanga juu ya lenzi ni ya seleniamu, inajiendesha kwa mwanga wenyewe, ila seleniamu inachoka na umri kwa hiyo ilinganishe na programu ya kupimia mwanga kwenye simu kabla ya kuiamini. Hata ikiwa imekufa usikate tamaa, jua la mchana la huku kwetu weka tundu la lenzi f/16 (namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo) na spidi iliyo karibu na namba ya ISO, yaani wepesi wa filamu kushika mwanga, filamu ya 200 inapigwa 1/250, picha inatoka.

Sasa lenzi. Helios 44-2 ni 58mm, inafunguka hadi f/2 na kufunga hadi f/16, ina vibati 8 vinavyofunga tundu, na inafokasi karibu hadi nusu mita. Ramani ya vioo vyake inatokana na Biotar ya Carl Zeiss ya Ujerumani ya miaka ya 1930, kwa hiyo ukoo wake ni mzuri kabisa.

Malalamiko ninayosikia kuliko yote ni giza. Mtu anachungulia anaona vizuri, anagusa pete ya lenzi, dirisha la kuchungulia linaingia giza na hawezi kufokasi tena, anaamua lenzi imekufa. Haijafa! Lenzi hii ina pete mbili za tundu na hapo ndo wengi wanapopotelea. Moja inakata klik klik kwenye namba, hiyo inapanga tu tundu unalotaka, haifungi chochote. Nyingine inateleza bila klik, hiyo ndo inayofungua na kufunga vibati vyenyewe, na inagota pale ulipopanga na ile ya kwanza. Kwa hiyo mwendo ni huu, panga tuseme f/8 kwenye pete ya klik, fungua pete laini mpaka mwisho ili dirishani kuwe na mwanga, fokasi taratibu, kisha rudisha pete laini mpaka igote, hapo giza litakuja na ndo linavyotakiwa kuja, piga. Kioo cha kufokasi cha Zenit-E ni kile cha ukungu mtupu, hakina ile duara ya katikati inayokata picha vipande viwili, hivyo kufokasi ukiwa umeshafunga f/8 ni kujitesa bure.

Na ukisahau kuirudisha ile pete laini, picha itapigwa f/2 badala ya f/8, hizo ni stopu 4, kila stopu inazidisha mwanga mara mbili, yaani mwanga mara 16 ya uliopanga. Filamu ya rangi ya negativu inavumilia kiasi, ya slaidi haivumilii kabisa. Mtu anapokea picha zimeungua kwa mwanga anasema shata imeharibika, kumbe mkono haujazoea. Ukishazoea vidole vinafanya vyenyewe, na binafsi naona pete hii inakufundisha tundu ni nini kuliko kamera yoyote ya otomatiki, kwa sababu unaliona likifunga kwa macho yako.

Tatizo lingine linafanana na hilo lakini chanzo chake tofauti kabisa. Zenit-E nyingi zina uzi wa kukazia lenzi wa M42, uzi uliotumiwa na kamera nyingi za zamani, basi watu wanabandika lenzi za Kijapani kama Super-Takumar za Pentax, wanazungusha pete hadi f/16, wanachungulia, mwanga uleule, vibati havisogei. Sikiliza vizuri hapa. Lenzi hizo zina pini ndogo nyuma ambayo kamera yake inatakiwa kuisukuma wakati wa kupiga, na Zenit-E haina kitu cha kusukuma pini. Tafuta swichi kwenye lenzi iliyoandikwa A na M, weka M, vibati vitatii pete. Helios 44M nayo ina swichi hiyo. Lakini kuanzia 44M-4 kwenda juu waliitoa, kwa hiyo lenzi hizo kwenye Zenit-E zitabaki wazi f/2 siku zote, usije ukauziwa moja kwa sifa kwamba ni mpya zaidi ukafikiri ni bora zaidi. Kwa mwili huu wa kamera nunua 44-2 na si nyingine.

Kuna na suala la uzi wenyewe, Zenit-E za mwanzo zilikuwa M39, uzi mdogo kuliko M42. Ukiona lenzi ya M42 haiingii usilazimishe, utaua uzi. Halafu M39 zipo za aina mbili na muuzaji mara nyingi hajui. Lenzi za FED na Zorki, kamera nyingine za Kisovieti zisizo na kioo ndani, mfano Jupiter-8, nazo ni M39 na zinaingia vizuri kabisa kwenye Zenit ya M39, zinakaza, unafurahi, halafu kitu chochote kilicho mbali hakishiki hata ufanye nini. Lenzi hizo zimetengenezwa kukaa milimita 28.8 kutoka kwenye filamu, na Zenit inaiweka lenzi kwenye milimita 45 hivi kwa sababu ya kioo kinachoruka ndani, kile kinachopeleka picha dirishani. Utapiga maua ya karibu basi. Hakuna fundi wa kulirekebisha hilo, kwa hiyo usimpe mtu hela yako.

Tuje kwenye ubovu wa kweli maana na wenyewe upo.

Pete ya fokasi ngumu, hiyo ni grisi iliyokauka baada ya miaka 40 na zaidi. Kama inageuka kwa kukaza lakini inageuka sawasawa, unaweza kuishi nayo, izungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi kila siku inalegea kidogo. Kama imekwama kabisa au inakwaruza ni kazi ya fundi, aifungue, aoshe grisi ya zamani, aweke mpya. Nawaomba jamani, msipulize WD-40 wala msidondoshee mafuta ya cherehani. Mafuta mepesi yanatambaa, yanafika kwenye vibati, yanafika kwenye vioo, na hapo umetoka kwenye tatizo dogo umeingia kwenye kubwa. Vibati vyenye mafuta kidogo kwenye 44-2 havinitishi sana, kwa sababu unavifunga kwa mkono na unajua vimefika, tofauti na lenzi za otomatiki ambazo springi inashindwa kuvivuta kwa wakati. Ila mafuta hayo yakianza kutoa mvuke yanaacha ukungu kwenye vioo vya ndani, ndo ubaya wake.

Kwa sisi watu wa pwani adui mkubwa ni fangasi. Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, hewa yetu ina unyevu mwaka mzima na lenzi iliyofungiwa gizani ndo chakula chake. Kipimo ni rahisi, toa lenzi kwenye kamera, fungua tundu hadi f/2, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa pembe, siyo moja kwa moja. Vumbi chembechembe lisikuhangaishe, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, hiyo fangasi. Ikiwa changa na iko pembeni fundi anaifuta na lenzi inarudi kazini. Ikikaa sana inakula ule mpako wa kioo na alama inabaki hata baada ya kufutwa, picha zinapauka na ukielekea jua zinamwagika mwanga. Niliyorithi ilikuwa nayo kidogo ukingoni, ilifutika, alama hamna.

Na hapa nina neno na wote waliorithi kamera hizi: toeni kamera kwenye ule mkoba wake wa ngozi. Najua ni mzuri, najua una harufu ya kizamani inayopendeza, lakini ngozi inashika unyevu na kuukumbatisha kamera usiku na mchana. Mimi naiweka kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu au mabegi, navibadilisha vikishalowa. Na itumie. Lenzi inayotoka nje kupigwa jua na upepo haipati fangasi kirahisi.

Kilichobaki ni picha kutoshika wakati dirishani ulifokasi vizuri. Hapa watu wanailaumu lenzi bila ushahidi na wanaifungua, wakishaifungua ndo wanaiharibu kweli, maana nyuzi za ndani zina sehemu kadhaa za kuanzia na ukikosea moja lenzi haifiki tena infiniti, yaani haishiki vitu vya mbali sana. Pima kwanza. Kamera isiwe na filamu, fungua mgongo, bandika kipande cha selotepu isiyong'aa, ile inayopitisha mwanga lakini huoni ng'ambo, kwenye reli filamu inapopita, kikiwa kimenyooka. Weka B, tundu f/2, pete ya fokasi kwenye alama ya ∞, elekeza kwenye kitu cha mbali sana chenye mistari, mnara wa simu unafaa, kisha mtu akushikilie kitufe cha shata. Utaiona picha kwenye selotepu, kichwa chini miguu juu, iangalie kwa kioo cha kukuzia. Kama hapo imeshika na dirishani haijashika, kosa ni kioo kinachoruka au kioo cha kufokasi, lenzi haina hatia. Kama kote hakujashika, lenzi iliwahi kufunguliwa na ikafungwa vibaya, au siyo lenzi ya kamera hii. Kwa kipimo hiki hata fundi utaongea naye vizuri, unamwambia tatizo liko wapi badala ya kumwachia aanze kubahatisha na bisibisi.

Lenzi ikiwa nzima inapiga picha tamu sana. Mkalishe mtu mita moja na nusu au mbili kutoka kwako, nyuma yake kuwe na majani ya mwembe mbali kidogo na jua likipenya katikati, piga f/2, mandhari ya nyuma yanazunguka kumzingira, kitu ambacho simu inajaribu kuigiza na haifiki. Ukifunga f/5.6 au f/8 inakata vizuri hadi kwenye pembe. Udhaifu wake ni jua la mbele, mpako wake ni wa zamani, kwa hiyo tafuta kofia ya lenzi ya mpira ya 49mm, ile ya kukinga jua. Kwa sherehe za usiku na ndani ya ukumbi sikushauri kamera hii, flashi inakubali 1/30 tu na dirisha lake linaonyesha pungufu ya kile kinachoingia kwenye filamu.

Roli ya kwanza usipige harusi ya mtu. Chukua filamu ya ISO 200, andika kwenye daftari kila picha ulipiga f ngapi na umbali gani, na mfano uleule upige f/2 halafu f/8. Ukienda kusafisha omba wakurudishie negativu. Za f/8 zikiwa safi na za f/2 hazijashika, angalia fokasi inaangukia mbele au nyuma ya ulipolenga. Ikiangukia upande uleule kila mara, rudia kile kipimo cha selotepu. Ikiwa mara mbele mara nyuma, ongeza mazoezi ya jicho kwenye kile kioo cha ukungu, lenzi iache kama ilivyo.