Kuvuka kwa miguu hadi Lindisfarne, kisiwa cha Mtakatifu Cuthbert: uzoefu wangu

Kwa anayetaka kumwelewa Cuthbert, mtawa na askofu wa karne ya 7, napendekeza Njia ya Mahujaji kuliko barabara ya magari. Ni kama kilomita 5 za mchanga na tope kutoka bara la Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, hadi kisiwani, njia ambayo bahari huifunika maji yakijaa, ukifuata safu ya nguzo ndefu. Angalia mwani ulioganda kwenye nguzo hizo, utaona maji hupanda hadi wapi.

Wengi hukosea kwenye saa. Saa salama zinazotangazwa ni za barabara ya magari. Huku mchangani mambo ni mengine. Anza wakati maji bado yanapwa, ufike kabla hayajaanza kujaa. Tenga saa 2 au zaidi, maana tope hunasa miguu. Tembea pekupeku au vaa gambuti ndefu. Fupi huingia maji. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, tena upepo ukisukuma kutoka baharini, usibahatishe. Vibanda vya kujiokolea vipo juu ya miguu mirefu, ila ukipanda humo utakaa saa nyingi na baridi yako mpaka maji yashuke.

Magofu utakayoyakuta kijijini ni ya monasteri ya karne ya 12. Monasteri ya Aidan, mtawa aliyeianzisha mwaka 635, ni ya zamani zaidi, na kanisa alilojenga Finan, mrithi wake, lilikuwa la mwaloni na paa la matete. Mimi naona mahali pa kukaa kwa muda ni kile kisiwa kidogo kando ya kijiji, ambacho nacho hukatwa na maji. Hapo Cuthbert alikuwa akijitenga kuomba kabla ya kuhamia kisiwa cha Inner Farne mwaka 676. Huko Farne ilibidi Mfalme Ecgfrith wa Northumbria mwenyewe aende kwa mashua kumsihi akubali uaskofu. Aliwekwa wakfu York mwaka 685, akarudi Farne baada ya muda mfupi, akafia huko tarehe 20 Machi 687.

Kaburi usilitafute hapa. Watawa waliondoka na jeneza mwaka 875 kwa kuwakimbia Waviking, na sasa mwili wake umo katika mji wa Durham, nyuma ya altare kuu ya kanisa kuu. Mabaki ya jeneza la mwaloni la mwaka 698 na msalaba wake wa dhahabu na vito vyekundu yamo katika makumbusho ya kanisa hilohilo. Durham itengee siku yake, kwa sababu Lindisfarne ratiba hupangwa na maji.