Bia ya Märzen: Ununue Ipi Majani Yakianza Kupukutika

Kwa sisi tunaoishi Marekani, hata Agosti haijaisha rafu za bia zimeshajaa neno "Oktoberfest", jina la sherehe kubwa ya bia ya Munich, Ujerumani, na vibendera vya bluu na nyeupe. Achana na vibendera. Tafuta neno Märzen, kisha geuza chupa usome tarehe. Kuna Januari moja nilibeba katoni ya chupa sita iliyoshushwa bei nusu, nikajiona mjanja. Ilikuwa na ladha ya boksi lililolowa maji.

Märzen ni bia ya Machi. Amri ya Bavaria, jimbo lenye mji wa Munich, ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, maana joto la kiangazi liliichachua. Basi Machi wakapika ya kutosha, kali kidogo ili idumu, wakaihifadhi kwenye mahandaki ya baridi. Inayouzwa siku hizi kwenye mahema ya sherehe ya Munich ni nyingine, festbier, ya rangi ya dhahabu na nyepesi zaidi mdomoni. Nainywa pia, ila hapa nazungumzia ile ya rangi ya shaba.

Namba moja kwangu ni Ayinger Oktober Fest-Märzen, kilevi asilimia 5.8. Inatoka kijiji cha Aying, nje ya Munich, kwa hiyo kwenye mahema yale haiingii: wanaoruhusiwa ni viwanda vya mjini tu. Ukiimimina unaona chai ya rangi iliyokolea, na povu zito lisilo na haraka ya kuondoka. Harufu ni ya mkate uliotoka tanurini, hasa lile ganda la juu, na sukari iliyoungua kwa mbali. Ukimeza, utamu unakatika na mdomo unabaki mkavu. Hapo ndipo nyingi zinapoanguka. Utamu ukigoma kukatika, glasi ya pili inakuwa sharubati.

Ya pili ni Copper Legend ya Jack's Abby, kiwanda cha ndugu watatu huko Framingham, Massachusetts, waliojijengea jina kwa laga. Inamkaribia sana Mjerumani, na kwa kuwa haijavuka bahari, mara nyingi utaikuta mbichi zaidi.

Great Lakes Oktoberfest ya Cleveland ina asilimia 6.5 na kimea kizito. Moja inatosha kama kesho una zamu ya asubuhi.

Samuel Adams OctoberFest, 5.3, utaipata hata kituo cha mafuta. Karameli imezidi kwa ulimi wangu; naichukua wageni wakiwa wengi.

Na lile swali la baa za nyumbani, "baridi au ya moto?", hapa jibu liko katikati. Itoe kwenye friji robo saa kabla ya kunywa, la sivyo utakunywa gesi tupu. Ukipata kitimoto ya kukaanga pembeni, na ndizi, anza na Ayinger.