Shule ya serikali ya mtaani kwetu: mazuri yapo, ila uyaulizie

Ukiniuliza kama umtoe mtoto akademia, yaani shule ya binafsi ya kulipia, umlete shule ya serikali ya huku kwetu, nitakwambia mlete. Nitakwambia pia usimwache langoni ukaenda zako, kwa sababu shule hii ina mambo mengi mazuri ambayo hakuna mtu atakayekubishia hodi akuambie yapo. Nina watoto wawili pale, binti wa Gredi ya 8 na mdogo wake wa Gredi ya 3. Binti alianzia akademia, kwa hivyo nimelipa karo kule na nimekaa kwenye mikutano ya wazazi huku. Mimi ni fundi cherehani Zimmerman, Nairobi, nashona sare, na kila Januari wazazi huniuliza kuhusu shule hii huku nikimpima mtoto mabega. Afadhali niyaandike yote mahali pamoja.

Jina la shule sitaliweka, maana watoto wangu bado wako mle. Ni shule ya mtaa kama zilivyo nyingi upande huu wa Thika Road: uwanja wa vumbi, miti michache ya jakaranda, madarasa ya mawe yaliyopakwa rangi nusu ukuta. Tangu 2023 ina sekondari msingi ndani ya ua ule ule wa shule ya msingi. Watoto wa Gredi ya 7, 8 na 9 wana sare yao, lakini lango ni moja, uwanja mmoja, na vyoo wanapanga foleni moja.

Nianze na kilichonishangaza. Sekondari msingi ilipoanza masomo yalikuwa mengi kupita kiasi, hadi 14. Sasa yamepunguzwa hadi 9, na kati ya hayo yamo mawili ambayo akademia ya zamani ya binti yangu isingeyapa hata dawati: Kilimo, na ufundi wa awali, ule wanaouita Pre-Tech. Muhula uliopita, kutoka somo la Kilimo, binti aliniletea kitambaa cha ukubwa wa leso ya mkononi. Juu yake alikuwa amepiga bandi, akashona mshono wa kurudi nyuma, akakunja pindo, na pembeni akatoboa tundu la kifungo na kulizungushia uzi. Mimi kazi ya mtu huanza kuiangalia kwa nyuma, kwa hivyo nilikigeuza. Mafundo yalikuwa madogo, uzi haukuvutwa hadi kitambaa kikajikunja, na lile tundu lilionyesha vijishimo vya sindano vya mara ya kwanza, vilivyofumuliwa. Mwalimu alikuwa amemwambia alirudie kwa sababu kingo zilikuwa zinalegea. Nina wasichana waliokuja kwangu kujifunza kazi wakiwa wamemaliza Kidato cha 4 na hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote wafumue. Huyo mwalimu anajua anachofanya, na nilipanda shuleni siku iliyofuata kumshukuru.

Bustani yao nayo niliiona siku hiyo. Wamening'iniza mitungi ya plastiki iliyokatwa ubavu kwenye fremu ya mbao, ndani mna sukuma na dania, na kila mtungi una karatasi yenye majina ya watoto wanaoumwagilia. Kwa sisi tunaoishi kwenye ploti ambapo udongo uko ndani ya makopo ya rangi tu, hilo ni somo mtoto analoweza kulirudia kwenye roshani jioni hiyo hiyo. Binti amelirudia, na dania sinunui tena kwa mama mboga.

Upande wa Pre-Tech mambo ni haba. Wanachora michoro safi kwa rula na pembe, lakini karakana hakuna, na msumeno unazungushwa darasani kama zawadi. Maabara vilevile hakuna. Mwalimu wa sayansi hufanya jaribio lake mezani mbele ya darasa kwa jiko dogo la spiriti na chupa za maji zilizokatwa, na aliyekaa nyuma husikia tu matokeo. Simlaumu hata kidogo, maana anafanya kazi ya maabara bila maabara. Lakini mzazi mwenye mtoto anayetaka kuwa daktari au mhandisi ajue hivyo mapema, ili aulize jioni mtoto ameona nini na si ameandika nini.

Sasa muziki. Tamasha la Muziki la Kenya lina umri wa karibu karne nzima, lilianza 1927, na shule ya serikali hata iwe ndogo namna gani ina haki ya kuingia na kupanda ngazi kwa ngazi, kuanzia kanda na kaunti ndogo hadi fainali za kitaifa mwezi wa Agosti. Mwaka jana shule yetu ilipeleka isukuti. Ngoma hiyo ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014. Huku kwetu ilichezwa na watoto wa Kikuyu, Wakamba, Wajaluo, Wasomali na Waluhya wenyewe, na aliyepiga ile ngoma kubwa alikuwa msichana mwembamba ambaye mama yake anauza chapati karibu na duka langu. Nilishona sketi, wazazi wengine wakafuma mikanda ya katani, na kwa sababu hiyo nilikuwa nikienda kuwapima wakati wa mazoezi, saa tisa unusu masomo yakiisha.

Ningependa kila mzazi aone yale mazoezi. Mwalimu wao hapigi kelele. Akisikia sauti imepotea husimamisha wote, humwita yule mtoto kwa jina, humwimbia kipande chake polepole, kisha hungoja. Hungoja kweli, huku watoto wengine wamenyamaza na vumbi linatua. Binti yangu, ambaye akademia walisema ni mtoto wa haya, aliimba kipande chake peke yake mbele ya uwanja mzima. Hawakuvuka kaunti ndogo. Mwamuzi aliwaandikia kwamba miguu ilitangulia ngoma, na mwalimu akawasomea maneno hayo yote, hata yale makali, kisha wakarudia mazoezi juma lililofuata ingawa hapakuwa na shindano la kwenda. Hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba pale kuna ualimu.

Lakini sikilizeni habari ya nauli. Barua ya kuchanga pesa za basi ilikuja Jumatano, safari ikiwa Ijumaa. Kuna watoto waliofanya mazoezi muhula mzima na hawakusafiri, kwa sababu mama yao analipwa mwisho wa mwezi. Tarehe za tamasha zinajulikana tangu mwanzo wa muhula. Barua ingeandikwa wiki ya kwanza, tungechanga kidogo kidogo kwa M-Pesa na hakuna mtoto angebaki akiwatazama wenzake wakipanda basi. Jambo hili liliniuma na bado linaniuma. Na ndivyo ilivyo kwa karibu kila kitu pale: skauti, mpira, drama, kila kimoja kina siku yake ya kuandikisha majina, na habari humfikia mzazi kupitia mdomo wa mtoto, akikumbuka.

Chakula nitakisifu bila kusita. Mpango wa Dishi na County, ule wa Kaunti ya Nairobi wa chakula cha mchana shuleni, ulianza 2023, na mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani. Unaweka pesa kwa simu, mtoto ana bangili mkononi, anaigusisha kwenye kifaa, anapewa chakula. Mtoto wangu wa Gredi ya 3 hula wali na ndengu au wali na maharagwe, kikiwa moto. Zamani nilikuwa nikimfungia chapati kavu asubuhi, na siku ambazo wateja hawajalipa nilikuwa namfungia uji kwenye chupa. Leo shilingi 25 inamlisha mtoto mchana wiki nzima ya shule. Foleni ni ndefu, na wadogo husukumwa na wakubwa, hivyo mwalimu wa zamu anatakiwa asimame pale mbele, si kwenye kivuli.

Tableti zile za serikali zilizoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016 zipo. Ziko kabatini. Kabati lina kufuli. Nimeuliza, nikajibiwa zinatolewa panapohitajika, na binti yangu hajaona siku hiyo. Shule isitaje kompyuta kwenye orodha ya mambo inayotoa mpaka kabati lifunguliwe. Kwa vitabu vya hadithi, nampeleka maktaba ya McMillan mjini siku ya Jumamosi, ile ya nguzo nyeupe iliyofunguliwa 1931, kwa sababu ya shuleni ni rafu mbili nyuma ya ofisi ya naibu.

Kuna kitu kimoja watu hawakijui kabisa, nacho ni kile kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum, chumba cha mwisho karibu na lango la nyuma. Jirani yangu alikaa na mtoto wake nyumbani akidhani hakuna shule itakayompokea, baada ya akademia mbili kumwambia arudi akiwa tayari. Huku alielekezwa kwanza kituo cha tathmini cha EARC, mtoto akaangaliwa masikio na uelewa, akarudi na barua, akapokewa. Sasa anasoma nusu siku kitengoni na michezo anacheza na wenzake wote. Mwalimu wake ni mmoja kwa watoto wa kila aina ya hali, na anahitaji msaidizi. Hata hivyo mlango upo na uko wazi. Kama una mtoto wa namna hiyo, usiketi naye nyumbani.

Nije kwenye jambo linalowakosesha wazazi wa Gredi ya 7 na 8 usingizi, au linalopaswa kuwakosesha. Mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9, ulioanza 2025, hauamui peke yake mtoto ataingia sekondari pevu gani, ile inayoanza Gredi ya 10. Una asilimia 60 ya alama. Mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 una 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina 20 zilizobaki. Maana yake ni kwamba kile kitambaa cha mishono na ile mitungi ya sukuma ni sehemu ya njia ya kuingilia sekondari pevu. Mzazi anayesema kazi za mradi ni kusumbuana na kutafuta maboksi anamnyima mtoto alama zake mwenyewe. Mimi nilielezwa haya na mwalimu wa Kilimo pale bustanini nikiwa nimekwenda kwa habari ya mishono. Kwenye mkutano wa wazazi muda mwingi ulikwenda kwa ua na tangi la maji.

Ya mikondo nayo ni hivyo hivyo. Ukifika Gredi ya 10 mtoto anaingia STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), au Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo, na kabla ya hapo anachagua shule 12. Huo ni uamuzi mzito kwa mtoto wa miaka 14. Shule ina mwalimu wa ushauri, mama mtulivu, na nilipokwenda na maswali yangu yote alinisikiliza, kisha akasema, “Mzazi, mwache kwanza aniambie mwenyewe.” Akageuza kiti chake kumwelekea binti. Binti akasema anataka sanaa, na anataka kujua kama fundi wa mavazi anaweza kusomea kazi hiyo hadi chuo kikuu. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo nyumbani. Wakazungumza wawili hao hadi kengele ya mwisho. Ushauri wa namna hii ni wa kulipia pengine, na huku ni bure, ila sikuona mzazi mwingine kwenye benchi la nje. Wazazi wa Gredi ya 9 wa mwaka uliopita waliitwa wakati fomu za kuchagua zilipokuwa zimebaki siku chache kurudishwa.

Kuhusu pesa niseme wazi. Kiwango ambacho serikali imeweka cha kuipa shule ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi na 15,042 kwa wa sekondari msingi. Gawa hiyo 1,420 kwa siku za masomo uone haifiki shilingi 10 kwa siku. Ndiyo maana tunaombwa michango, na mchango wa kueleweka, kama wa mlinzi au wa karatasi za tathmini, ninautoa. Nisioukubali ni ule wa masomo ya ziada unaokusanywa darasani mkononi, bila risiti, na mtoto asiyenao anasimamishwa mbele. Nimelisema hili kwa mwalimu mkuu ana kwa ana na kusimamisha watoto kukakoma darasani kwa binti yangu. Kwenye madarasa mengine bado kunaendelea, na wazazi wa madarasa hayo tungeingia ofisini pamoja.

Anayetaka kumleta mtoto Januari aje na cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho na ripoti za mwisho. Siku hiyo hiyo ya kuandikisha, kabla hujatoka getini, omba orodha ya vilabu na jina la mwalimu wa kila kimoja, na uulize pesa ya kila safari ya mwaka ni ngapi na ya lini. Kwaya na skauti huchukua majina wiki ya pili ya muhula wa kwanza, na mwalimu wa ushauri hupatikana Jumanne na Alhamisi baada ya saa nane mchana.